Ya Kwanza Kubali, ya Pili Kataa

Ofisini walimwita Bi Dodoso, na yeye hakukasirika, maana jina hilo lilikuwa na ukweli zaidi kuliko cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho chake, cheo kirefu ambacho hakuna aliyekielewa, yeye mwenyewe akiwemo. Kazi yake ilikuwa hivi. Kampuni ikimaliza kutengeneza programu ya kompyuta, iwe ya kukatia tiketi au ya kupangia zamu za walinzi, yeye hupelekwa kwa wale watakaoitumia. Huwakalisha mbele ya kompyuta, huwapa kazi mbili tatu za kufanya, kisha hukaa pembeni kimya huku wao wakihangaika. Wakimaliza, huwapa dodoso fupi la sentensi kumi. Kila sentensi ina viboksi vitano mbele yake, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Mtu anatia vema, anarudisha karatasi, anakwenda kunywa chai. Bi Dodoso anarudi ofisini, anapiga hesabu, inatoka namba moja kati ya sifuri na mia. Hiyo namba ndiyo inayosema kama programu inatumika au inatesa.

Sentensi zenyewe zilikuwa na ujanja wake. Ya kwanza inaisifu programu, ya pili inaiponda, ya tatu inaisifu, ya nne inaiponda, hivyo hivyo mpaka mwisho. Waliozipanga walijua binadamu alivyo: ukimpa karatasi ambayo hakuiomba, atatia vema upande mmoja kuanzia juu hadi chini, aondoke zake. Kwa mpangilio ule, aliyekubali kila kitu alikuwa ameisifu programu na kuiponda kwa pumzi moja, na alama zake ziliishia katikati, kwenye hamsini. Bi Dodoso aliipenda sana hesabu hiyo. Aliiona ni ya haki. Hakuwa na vitu vingi vya haki maishani mwake, kwa hiyo tusimcheke.

Aliishi na dada yake, vyumba viwili ghorofa ya pili, jiko dogo lenye dirisha lisilofungika vizuri. Mama yao alipofariki, dada ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka shule, akamkalia juu mpaka akamaliza masomo. Dada aliolewa, akafiwa na mume, hakujaliwa mtoto. Mtoto wake alikuwa huyu mdogo wake, na alimwita "mwanangu" hata mbele za watu. Kazini, kwenye masjala ya hospitali kubwa, yeye aliitwa Mama Faili, kwa sababu alikuwa ametumia karibu umri wake wote kutoa mafaili ya wagonjwa kwenye rafu na kuyarudisha. Hakuwa hodari kupita wenzake. Alikuwa taratibu, msahaulifu kidogo, mcheshi, na kazi ile ilikuwa ndiyo kila kitu alichokuwa nacho nje ya vyumba viwili.

Kila dodoso jipya lilipitia jikoni kwanza. Sentensi zilikuja ofisini zikiwa katika lugha ya watengenezaji, Bi Dodoso akazigeuza ziwe Kiswahili cha watu, na kabla ya kuzipeleka popote alizijaribu kwa dada yake aone kama zinaeleweka.

"'Ningependa kuutumia mfumo huu kila siku,'" alisoma siku moja, dada akikata vitunguu.

"Ningependa? Mimi nimeajiriwa, mwanangu. Lini bosi ameniuliza napenda nini?"

"Dada, jibu tu."

"Haya, nakubali. Nyingine?"

"'Mfumo huu unanichanganya.'"

"Nakubali."

"Huwezi kukubali zote mbili."

"Kwa nini nisiweze? Marehemu shemeji yako nilimpenda, na alinichanganya mpaka siku anaondoka."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Bi Dodoso, machozi ya kicheko na ya vitunguu yakimtoka pamoja, akamweleza ule ujanja: ya kwanza sifa, ya pili lawama, mpaka ya kumi. Anayetaka kuisifu programu kikwelikweli atakubali moja na kukataa inayofuata. Dada alitikisa kichwa, akasema waliobuni kitu hicho hawana kazi za nyumbani. Akarudi kwenye vitunguu vyake. Bi Dodoso hakuwaza tena habari hiyo.

Ikaja zamu ya masjala yenyewe. Hospitali ilinunua mfumo wa kompyuta wa kutunza habari za wagonjwa, na kampuni ya Bi Dodoso ndiyo iliyoutengeneza. Meneja wake alijua kwamba dada mtu yuko pale, na akafurahi. "Watakuwa huru kwako," alisema. Kisha akampa mkataba ausome. Humo ilikuwa imeandikwa waziwazi: makarani wa masjala wakiupa mfumo alama sabini au zaidi, rafu zitafungwa na mfumo utaanza kazi mara moja. Zikipungua, mfumo utarudi kwa mafundi, nao wangehitaji karibu miaka miwili. Na mfumo ukianza, masjala ingebaki na makarani wachache wenye mikono myepesi. Wengine wangeachishwa kazi.

Bi Dodoso aliusoma ukurasa ule mara mbili. Dada yake aliandika kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe kilikuwa kinasitasita. Akiachishwa sasa, angetoka kama mtu aliyeshindwa. Mafundi wakichukua mfumo kwa miaka miwili, dada angefika umri wa kustaafu akiwa bado kwenye kiti chake, angeagwa na wenzake kwa keki na hotuba ndefu, kama alivyokuwa akiota na kusimulia kila mara. Tofauti yote ilikuwa kwenye namba moja.

Sasa, katika kazi ile palikuwa na sharti moja lisilochezewa: usimwambie anayejaza dodoso alama zake zitafanya nini. Ukimwambia, hatajibu kile alichokiona, atajibu kile anachokitaka. Bi Dodoso aliliamini sharti hilo kama wengine wanavyoamini dawa. Makarani wenyewe walikuwa wameambiwa na mkuu wao kwamba mfumo unakuja kuwapunguzia mzigo na hakuna atakayeachwa, nao wakaamini, maana mtu akiambiwa anachopenda kusikia hatafuti sababu ya kubisha. Bi Dodoso akafunga mdomo. Tena alijipa moyo: mfumo wenyewe ulikuwa mbaya kiasi kwamba haukuhitaji adui. Waache watu waseme kweli, utaanguka wenyewe.

Na ulikuwa mbaya, si mchezo. Haukukubali kumtafuta mgonjwa bila tarehe kamili ya kuzaliwa, wakati nusu ya wagonjwa wanajua mwaka tu. Ukikosea herufi moja, ukurasa wote unafutika. Ukigeuka kuzungumza na mtu aliyesimama dirishani, unakutupa nje na kukwambia muda wako umekwisha, ingia tena. Siku ya jaribio la kwanza Bi Dodoso alijifanya mgonjwa, akasimama dirishani na jina la kubuni lililokuwa limeshaingizwa kwenye mfumo, na makarani mmoja mmoja wakamtafuta. Mzee Sababu, karani mwenzake dada, mtu ambaye hakuna jambo alilokosa kulipatia sababu, alitupwa nje mpaka akasimama na kuusalimia mfumo.

"Shikamoo," aliiambia skrini. "Labda umekasirika kwa kuwa sijakuamkia."

Wenzake wakaangua kicheko. Dada alipokaa hakucheka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, akawa anatazama herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele, na kila alipokaribia kumaliza ukurasa ulifutika. Mwishowe aliinua mikono akamtazama mdogo wake. Bi Dodoso akageuza macho. Lilikuwa jambo gumu kulitazama, ingawa moyoni alijua kwamba kila ukurasa uliofutika ulikuwa unampigania dada.

Kisha wakajaza dodoso. Na wote, mkuu wao akiwa anapitapita nyuma ya viti, wakatia vema upande wa "nakubali kabisa" kuanzia juu hadi chini. Mfumo ni mwepesi, nakubali kabisa. Mfumo unanichanganya, nakubali kabisa. Bi Dodoso alipiga hesabu akiwa na tabasamu ambalo alilificha kwa kiganja. Hamsini. Chini ya sabini kwa mbali.

Meneja hakutabasamu. "Hawa hawakusoma," alisema, akizitupa karatasi mezani. "Hospitali haiwezi kupokea takataka hii. Rudia. Na safari hii nitakuja mwenyewe. Wakijaza ovyo tena, basi tatizo ni anayewakalisha, si wao. Nitatafuta mtu mwingine."

Kusema kweli Bi Dodoso alitoka mle ofisini akiwa na furaha zaidi kuliko hofu. Wakisoma vizuri safari hii, mfumo hautapata hata hiyo hamsini. Lakini alikuwa amechoka, na aliyechoka husema nusu ya jambo, ile nusu inayouma. Jioni, dada alipomuuliza mbona amenuna, alivua viatu akasema:

"Meneja amenikalia kooni. Alama zenu zimetoka mbaya, eti mimi sijui kuwakalisha watu."

"Zetu? Si tulikubali kila kitu?"

"Ndiyo tatizo lenyewe, dada. Mmekubali hata lawama. Tunarudia wiki ijayo."

"Na zikitoka mbaya tena?"

"Atatafuta mtu mwingine."

Dada aliiweka sufuria chini, akamtazama. Bi Dodoso aliuona ule mtazamo, akadhani ni huruma tu. Alikuwa na nafasi pale pale ya kumwambia nusu iliyobaki: kwamba alama mbaya ndizo anazozihitaji dada, kwamba kiti chake kiko juu ya mizani. Neno lilimfika kwenye ulimi. Likamjia sharti, akalimeza. Akaomba chakula.

Siku ya marudio meneja alikuja na suti, akakaa kwenye kona akiwa amekunja nne. Jaribio lilikuwa lile lile na mfumo ulikuwa ule ule, labda siku hiyo ulikuwa na kisirani zaidi. Mzee Sababu alitupwa nje akawa hana hata utani. Karani mmoja alipiga meza. Dada alifutiwa ukurasa, akaanza, akafutiwa, akaanza, mpaka Bi Dodoso pale dirishani akatamani kuingiza mkono ampigie hizo herufi. Hakumpata mgonjwa. Wachache sana walimpata.

Yakaja madodoso. Bi Dodoso akasema yale anayosema siku zote: hakuna jibu sahihi wala kosa, soma kila sentensi, sema ulivyoona wewe. Makarani wakaitikia kwa pamoja kama darasa lililofunzwa wimbo. Hapo ndipo aliposhtuka, kabla hata hajajua kwa nini. Walijaza haraka na kwa raha, wakibanana mbavu na kutupiana macho. Mzee Sababu alimkonyeza. Dada yake, aliyekuwa bado anajifuta jasho kwa ncha ya kitenge, alishika kalamu na midomo ikawa inachezacheza, na kutoka pale aliposimama Bi Dodoso aliweza kuisoma ile midomo: kubali, kataa, kubali, kataa.

Karatasi zilipomrudia zilikuwa zimechorwa kama zimetoka mkono mmoja. Vema kulia, vema kushoto, kulia, kushoto, mpaka chini, isipokuwa hapa na pale mtu alipoteleza kiboksi kimoja. Mfumo ni mwepesi, nakubali kabisa. Mfumo unanichanganya, sikubali kabisa. Meneja alishaanza kuzichungulia juu ya bega lake, na alikuwa anapiga mluzi.

Alimkuta dada kwenye korido, karibu na mtungi wa maji.

"Dada, umewaambia nini hawa?"

Dada akang'aa uso. "Nimewafundisha. Wote. Mzee Sababu kichwa kigumu, nilimrudia mpaka akashika. Nikawaambia, yule ni mwanangu, akifukuzwa kazi kwa sababu yetu nitaweka wapi uso wangu? Wakasema Mama Faili, hilo dogo." Akamshika mkono. "Sasa lala usingizi, mwanangu. Hakuna wa kukugusa."

Bi Dodoso alimwachia mkono. Angesema nini, na mwenzake anacheka vile? Alirudi ndani akamvuta meneja pembeni, na safari hii alisema yote, akihema kama aliyepandishwa ngazi. Kwamba wamefundishwa. Kwamba aliyewafundisha ni dada yake, na dada alijua kwa sababu yeye mwenyewe alimweleza jikoni. Kwamba wewe bosi umeona kwa macho yako, hawakumpata mgonjwa, watu walikuwa wanalowa jasho.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi katika habari hii. Angekuwa mbaya tungepata wa kumtukana.

"Nimeona," alisema. "Lakini hospitali haikununua macho yangu, imenunua namba. Sasa chagua. Naweza kuandika kwamba dodoso limechezewa. Watauliza nani kachezea. Nitaandika jina la dada yako, na mtu anayevuruga jaribio la hospitali haachishwi, anafukuzwa, bila barua ya shukrani. Au naandika namba ilivyo."

"Na akiachishwa?"

"Akiachishwa ataondoka na heshima yake."

Bi Dodoso alisimama akitafuta mlango wa tatu, na mlango wa tatu haukuwepo. Akiwa amesimama hivyo, meneja alichukua karatasi mkononi mwake, taratibu, akaziweka kwenye mkoba. Namba ilitoka tisini na kitu. Meneja alisema katika kazi yake yote hajawahi kuiona ya juu kama hiyo, na wakati anasema hivyo hakumtazama usoni.

Rafu zilifungwa mwezi ule ule. Mafaili yalibebwa kwenye mikokoteni hadi chumba cha chini, na makarani waliobaki wakahamia kwenye kompyuta, ambako wagonjwa walianza kupanga foleni hadi nje ya geti wakiulizwa tarehe walizozaliwa. Dada na Mzee Sababu walipewa barua siku moja. Hapakuwa na keki. Mkuu wa masjala aliwashukuru kwa mkupuo, wakiwa wamesimama, simu yake ikiita. Mzee Sababu, anayejua sababu ya kila kitu, aliulizwa na mlinzi wa getini kwa nini ameachwa, akasema hajui, akavuka barabara.

Kampuni ilimwongezea Bi Dodoso mkataba. Aliusaini. Angefanya nini, na sasa wawili walikuwa wanamtegemea mmoja? Alijaribu mara kadhaa kumwambia dada ukweli. Alianza njiani, alianza mezani, alianza wakati wanaanua nguo. Kila mara alimwona akilini akitazama mikono yake mwenyewe, ile mikono iliyotia vema, akageuza mazungumzo. Akabaki na ukweli wake. Ni mzigo mbaya kwa sababu haupungui, na anayekuletea chakula kila jioni ndiye hasa unayemficha.

Dada mwanzoni aliamka kama kawaida, akavaa, akakaa kitandani na mkoba mapajani. Baadaye akaacha kuvaa. Alipanga vikombe kabatini kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha akarudia kwa ukubwa. Akaanza kusahau zaidi. Alisema labda ni uzee, labda ni dirisha linaloingiza baridi. Utani ulimpungua siku hadi siku, na Bi Dodoso alirudi kutoka kazini kila jioni akiwa na wasiwasi wa kuukuta umekwisha kabisa.

Kitu kimoja tu kilimwamsha dada. Jioni moja Bi Dodoso alikuja na sentensi mpya, za programu ya benki fulani. Hakutaka kuzisoma jikoni tena, alikusudia kuzipeleka zilivyo. Dada akaziona zikichungulia kwenye mkoba, akavuta kiti mwenyewe, akajifuta mikono.

"Nisomee, mwanangu. Unataka kuzipeleka bila mimi? Kwenye zile za masjala si mimi niliyekutoa matatani?"

"Ni wewe, dada."

"Tulipata ngapi vile?"

"Tisini na kitu."

"Tisini na kitu!" Dada alipiga kofi la furaha, akageukia ukuta wa jirani kama kwamba jirani naye anapaswa kusikia. "Na wewe ulikuwa umenuna, unasema meneja, meneja. Mimi sikusoma sana, lakini siku ile nilifanya kitu. Walinitoa, sawa, wamenitoa. Lakini nilikuwa nimeshakuokoa."

Bi Dodoso alifunua karatasi. Herufi zilikuwa zinaogelea, ikabidi asogee karibu na taa.

"'Ningependa kuitumia programu hii kila siku,'" alisoma.

"Nakubali kabisa," alisema dada, na kalamu ilikuwa tayari mkononi. "Ya pili usinisomee. Ya pili nakataa."